Risala ya Kikundi cha Wazazi na Mashabiki wa Spidwei wa Manchester kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa jumuiya yetu,
Wazee wetu, wazazi wenzetu, na vijana wetu waendesha pikipiki,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa ndugu zetu wa Bukavu waliojaa meza ile ya nyuma, jambo yenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu siku ya Jumapili, ukijua kabisa kwamba utalishwa pilau kisha usomewe shida. Wako waliowahi kula wakaaga kabla ya risala. Wewe umekaa.

Sisi ni wazazi na mashabiki tunaozungumza Kiswahili, wengi wetu wakazi wa Gorton na Longsight. Tulikuja nchi hii na mpira kichwani. Spidwei, yaani mbio za pikipiki, ilitupata kwa kelele zake: uwanja wa taifa wa mchezo huo, uliofunguliwa mwaka 2016 pale Kirkmanshulme Lane, uko mlangoni petu, na siku ya mbio husikii taarifa ya habari mpaka uongeze sauti. Watoto walikwenda kuchungulia, nasi tukawafuata tuwarudishe nyumbani. Tukanogewa wote.

Kwa waliokuja leo kwa ajili ya pilau tu, na tunawakaribisha kwa moyo mmoja, mchezo wenyewe ni huu. Waendeshaji wanne hujipanga nyuma ya utepe. Utepe ukiruka, wanazunguka mara nne kuelekea kushoto, juu ya udongo wa mawe yaliyosagwa. Pikipiki ina injini ya sentimita za ujazo 500 inayokunywa methanoli, ina gia moja, na haina breki. Kona inapigwa kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze, mguu wa kushoto ukiburuzwa chini ndani ya kiatu cha chuma. Mama wa kijana wetu mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa yumo ukumbini na ana haya, alipoambiwa habari ya breki alidhani ni utani wa Kizungu. Alipoona si utani, alikaa siku mbili hazungumzi na baba watoto. Siku ya tatu akaanza kukaanga sambusa za kuuza, apate hela ya matairi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye lililotuleta. Ligi ya daraja la tatu, ambamo vijana hawa wanakua, inatutia hofu. Wenye umri wanaikumbuka ikiitwa Conference League. Mwaka 2009 ilianza kuitwa National League, na sasa ni National Development League. Jina limebadilika, mfuko ni uleule, tena umetoboka.

Pengine utauliza ligi hiyo imeleta faida gani. Tai Woffinden, bingwa wa dunia wa 2013, 2015 na 2018, alianzia Scunthorpe katika daraja hilo mwaka 2006. Dan Bewley, kijana wa Cumbria, tulimwona hapahapa na jezi ya Belle Vue Colts, timu ya vijana ya klabu ya uwanja huu, mwaka 2017 Colts walipotwaa ubingwa wa ligi. Miaka minne baadaye, katika uwanja uleule, alikuwa pamoja na Robert Lambert na Tom Brennan Uingereza ilipotwaa ubingwa wa dunia wa timu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1989. Mwaka 2024 wakalirudia, tena hapahapa Manchester. Usiku ule wakubwa wengi walipanda jukwaani kupiga picha. Hatukusikia hata mmoja akiitaja ligi ya watoto.

Sasa tunaomba utuvumilie kwa hesabu kidogo. Timu ina waendeshaji saba. Mechi ina mbio 15, na katika kila mbio timu hutoa wawili, kwa hiyo kila kijana hupata kama mbio nne. Mbio moja ni kama dakika moja. Ligi ikibaki na timu sita, kila timu itacheza mechi kumi, nyumbani na ugenini. Mbio nne mara mechi kumi ni mbio arobaini. Yaani kijana anayetakiwa kesho akapambane na Wapoland atakuwa amefanya kazi yake kwa dakika arobaini mwaka mzima. Kipindi kimoja cha hisabati shuleni kinazidi hapo. Na hapo mvua haijanyesha.

Ikinyesha, ni kilio. Msimu mmoja tulisafiri mwendo wa saa nne na gari la kukodi kwenda uwanja ambao hatutautaja. Ilipigwa mbio moja, ya pili wakaanguka wawili kwenye tope, mwamuzi akafunga siku. Kijana wetu alikuwa amepangwa mbio ya tatu. Alirudi na ovaroli safi kama ilivyotoka kwenye begi. Njiani baba yake hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha mafuta, akauliza tu nani ana chenji.

Gharama zenyewe unazijua, au unaweza kuzikisia. Injini ni maelfu ya pauni, na baada ya mbio kadhaa inadai kufunguliwa na fundi. Anacholipwa kijana kwa pointi zake hakimalizi hata mafuta ya gari. Na waandaaji nao hatuwalaumu kwa yote. Mara nyingi mechi ya vijana huwekwa baada ya mechi ya wakubwa, usiku umeingia, watu wanakimbilia basi la Hyde Road. Tumewahi kuhesabu mstari wetu wa viti: tulikuwa kumi na mmoja, na sita kati yetu ni ukoo mmoja.

Halafu kuna viwanja. Brandon, pale Coventry, hapajapigwa mbio za ligi tangu 2016. Swindon msimu wao wa mwisho ulikuwa 2019. Mwaka 2023 Peterborough na Wolverhampton wakaaga. Oxford walirudi 2022 baada ya kufungwa tangu 2007, nasi tulishangilia kama ni wetu. Lakini anayefunga uwanja wa wakubwa anafunga na mlango wa watoto, maana wanatumia njia moja. Wazee wa mtaa huu wanalijua hilo: uwanja wa zamani wa Hyde Road uliuzwa mwaka 1987, na bado wapo wanaopita pale wakageuza uso.

Huko Poland tangu 2022 kuna ligi ya walio chini ya miaka 24, na klabu za daraja la juu zina wajibu wa kuweka timu. Wao hawaliiti hisani. Hapa klabu ikibanwa na bajeti, timu ya vijana ndiyo ya kwanza kukatwa, halafu katika Premiership, ligi ya daraja la juu, inatafutwa nafasi ya chipukizi mmoja. Huyo chipukizi atachipukia wapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unakaa na wakubwa wa michezo ya jiji, na kauli yako inasikika. Tunaomba utusemee mambo mawili. Kwanza, vijana wapewe uwanja saa za mchana, hata mara mbili kwa mwezi, kwa mazoezi na mechi zao wenyewe, wasisubiri mabaki ya usiku. Pili, kila klabu ya madaraja mawili ya juu ilazimike kuwa na timu ya vijana, au ichangie klabu iliyo nayo. La pili tunajua ni gumu na linahitaji vikao vingi. La kwanza linahitaji mtu mwenye ufunguo.

Sisi kwa upande wetu tutaendelea na sambusa. Msimu huu zilinunua matairi na klachi moja iliyotumika.

Kabla hatujaketi, kijana wetu mwenye haya atakuletea zawadi. Ni kiatu cha chuma alichovaa msimu mzima. Ukikigeuza utaona soli imelika upande mmoja mpaka imebaki nyembamba kama kifuniko cha kopo. Utuwie radhi kama kitakuachia udongo mwekundu kwenye suruali, tumekiosha mara mbili na bado unatoka.

Tunaomba kuwasilisha.