Risala ya wanafunzi wa useremala kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya kazi za mikono

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Karibu sana, mheshimiwa.

Leo hatuanzi na changamoto za karakana, tunaomba kwanza tukusimulie habari za John Harrison, seremala wa Uingereza, mtoto wa seremala, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693, maana ndio chanzo cha hii gia ya mninga unayoiona hapo mezani.

Mheshimiwa, enzi hizo nahodha akiwa katikati ya bahari hakuwa na njia ya uhakika ya kujua kafika wapi upande wa mashariki au magharibi, mwaka 1707 meli 4 za kivita za Uingereza zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly wakafa watu zaidi ya 1,000, ndipo 1714 bunge likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000. Wasomi wakatafuta jibu kwenye nyota na mwezi, Harrison yeye akasema jibu ni saa. Dunia inazunguka digrii 15 kila lisaa, kwahiyo jua likiwa utosini hapo ulipo na saa ya melini inayofuata muda wa Greenwich inasema saa 3 asubuhi, basi uko digrii 45 mashariki. Ndio hesabu hiyohiyo inayotuweka sisi masaa 3 mbele ya Greenwich!

Saa zake za mwanzo alizichonga kwa mbao. Meno ya gia aliyapachika vipande vipande ili nyuzi za mbao zielekee nje, na sehemu zinazosuguana akaweka mti mgumu wenye mafuta yake ndani, hakuna kupaka oili. Sisi gia ya kwanza tuliikata kwenye ubao mmoja, meno yaliyokaa kinyume na nyuzi yakakatika kama biskuti, tukafuata njia yake na hii mpaka leo haijapoteza hata jino moja.

Saa yake ya nne, upana kama sentimita 13 tu, mwanae aliipeleka Jamaica mwaka 1761, safari ya miezi miwili, ikachelewa kama sekunde 5. Bado wakubwa wakamzungusha na malipo, mpaka mfalme George III akaingilia, akamaliziwa 1773 akiwa na miaka 80. Kwakweli inatuuma.

Ombi letu ni moja, mashine ya kukereza ya pili, tuliyonayo tunapanga foleni. Tunataka tumalize saa nzima ya mbao kabla ya mahafali, na wa kwanza kuitia ufunguo uwe wewe.

Tunaomba kuwasilisha.