Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tunaomba tanki moja la bakteria wekundu, kiwanda bado

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kemia huku Korogwe, nakuandikia hadharani maana barua ya bahasha nilishapeleka ofisi moja mwaka juzi nikaambiwa inafanyiwa kazi, na mpaka leo inafanyiwa kazi tu.

Niende kwenye ishu. Siku hizi kila mkutano wa nishati ni haidrojeni haidrojeni, na karibu yote inayotajwa ni ile ya kupasua maji kwa umeme. Sina ugomvi nayo. Ila kuna njia nyingine, ya bakteria wanaofanya kazi kwa mwanga wa jua, na malighafi yake sisi watu wa mkonge tunaimwaga kila siku. Ukitoka Segera kuja Korogwe ukasikia ile harufu, ujue korona, yaani kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, inasaga. Kwenye kilo 100 za majani yanayoingia pale, singa (nyuzi za mkonge) zinazotoka ni kama kilo 4, kinachobaki ni maganda na maji ya kijani ambayo yakikaa mtaroni yanachacha yanakuwa kama siki. Sasa hiyo siki ndio ugali wa hao bakteria!

Wenyewe ni wekundu, wengine zambarau, wanaishi kwenye matope ya madimbwi, pale oksijeni haifiki ila mwanga unafika. Wanafunzi wangu waliwahi kujaza chupa ya maji ya kunywa tope la mtaro na hayo maji ya korona, wakafunga kizibo wakaiweka dirishani, wiki kadhaa tope likaanza kuwa jekundu kama juisi ya rosela. Kuna mmoja akasogeza kiberiti kwenye kizibo, moto ukawaka kidogo darasa zima likashangilia haidrojeni, ikabidi niwakatishe tamaa kwamba ile inaweza kuwa ni methani tu ya matope, na haidrojeni yenyewe ni gesi nyepesi inayotoroka hata kwenye plastiki nyembamba. Kipimo hatuna. Shule yetu mizani inayofanya kazi ni moja.

Jambo lenyewe sio la jana Mheshimiwa. Mwaka 1949 kule Marekani Howard Gest na Martin Kamen waligundua kwamba bakteria anayeitwa Rhodospirillum rubrum akipigwa mwanga anatoa haidrojeni. Yeye hapasui maji kama mmea na hatoi oksijeni. Anakula asidi kama ile ya siki, elektroni anazitoa kwenye hiyo asidi, nguvu anaipata kwenye jua, halafu kuna kimeng'enya chake kinaitwa naitrojinesi ndio kinaunganisha vitu mpaka gesi inatoka. Kazi halisi ya hicho kimeng'enya ni kukamata nitrojeni ya hewani kutengeneza amonia, ila akikosa nitrojeni nguvu yote inaishia kwenye haidrojeni. Kwa hiyo ukimwekea mbolea ya nitrojeni tu anagoma, ahangaike ya nini wakati kuna mtu kamletea chakula kimeshaiva?

Na hapo ndipo mkonge unaponinogea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishawahi kuchanganya maganda ya mkonge na mabaki ya samaki ili wapate biogesi nyingi, samaki wanaleta nitrojeni ambayo mkonge hauna ya kutosha. Yaani huo upungufu uliokuwa tatizo kwenye biogesi, kwa hawa wekundu ni faida. Na biogesi ya mkonge tunaijua, pale Hale ulijengwa mtambo wa kufua umeme wa kilowati 150 kwa mabaki haya haya, kwa hiyo hatuanzii sifuri. Kazi yenyewe ina hatua mbili, gizani halafu kwenye mwanga, na ile ya kwanza ya gizani, ya kuchachusha, mafundi wetu wanaielewa. Kwenye karatasi, molekuli moja ya sukari ikichachushwa gizani peke yake inatoa molekuli 4 za haidrojeni basi, asidi inayobaki ukiwapa wekundu kwenye mwanga wanaimalizia, jumla inafika 12.

Nimesema kwenye karatasi. Sasa nikupe hesabu ambayo wenye sutii hawatakupa. Chukua riakta, yaani tanki la kufugia hao bakteria, ya lita 1,000, tuseme kila lita inatoa mililita 20 za haidrojeni kwa saa, na jua tunalo saa 10. Hiyo ni lita 200 kwa siku, sawa na uniti 0.6 za umeme, haiivishi hata sufuria ya maharage. Ukilinganisha na gesi ya mtungi ni kama gramu 47, kwa hiyo tani nzima ya maji mekundu itafanya kazi miezi minne kufikia mtungi mmoja wa kilo 6! Kwa hiyo nakuomba sana usije ukaiingiza hii kwenye lile lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na akija mtu na michoro ya kiwanda kikubwa na makubaliano ya kusaini, muulize kwanza lita ngapi kwa siku, nje, juani, kwa mwaka mzima.

Maana nje ndiko kwenye shida. Bakteria wakiwa wengi maji yanakuwa meusi mwanga hauingii, ndio maana riakta inatengenezwa bapa kama fremu ya dirisha au mabomba membamba. Usiku kazi inasimama. Wenzetu wa Ankara, Uturuki, walipoweka za kwao nje, joto na baridi ya usiku na mchana viliwasumbua. Sisi baridi hatuna, ila kaskazi ikipamba moto riakta ya kioo inachemka, na hawa wanataka kama nyuzi 30 hivi, itabidi kuipoza kwa maji na pampu nayo inakula umeme ambao lazima uutoe kwenye hesabu.

Sasa utaniuliza mwalimu unataka nini kama hesabu yenyewe ndio hiyo. Nataka tanki moja. Lita 1,000, bapa, karibu na korona yoyote mkoani Tanga, vipimo vya gesi na joto, vijana wawili wa VETA na mtafiti mmoja, mwaka mzima kupitia kaskazi na masika, na matokeo yaandikwe hadharani hata yakiwa mabaya. Yale maji lazima yasafishwe tu, huwezi kuyaachia mto kila siku, na bakteria wenyewe wakikaushwa wana protini nyingi, tujaribu kuwalisha samaki. Tukipata haidrojeni juu yake, nzuri. Tukikosa, tutakuwa na namba zetu wenyewe sio za kuazima Ulaya.

Gharama yake kwa mawazo yangu haifiki hata ya semina moja ya siku tatu hotelini, ila hapo labda nisiendelee.

Ukija njoo asubuhi mashine zikiwa zinazunguka, na njoo na buti, njia ya nyuma ya korona ina matope kweli kweli.

Mwalimu wa kemia, Korogwe