Umbali wa Kongwa uliokoa maisha ya wapigania uhuru

Mhariri,

Kila inapotajwa kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa, sisi wa Dodoma huzungumzia ukarimu wa wenyeji na msimamo wa Mwalimu Nyerere, na ni haki yetu kujivunia yote mawili. Naomba nafasi nieleze jambo ambalo halipewi uzito linaostahili: kambi hiyo ilikuwa mbali na mipaka ya adui, na umbali huo uliokoa watu.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1964, kwenye eneo la mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, ikawapokea wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya FRELIMO (Msumbiji), SWAPO (Namibia), ANC (Afrika Kusini) na baadaye wa vyama vingine. Waliporudi makwao, usalama huo uliisha. Kundi la kwanza la SWAPO lililoondoka Tanzania mwaka 1965 lilijenga kambi Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, iliyokuwa ikitawaliwa na Afrika Kusini, na tarehe 26 Agosti 1966 polisi wa Afrika Kusini waliivamia ghafla kwa helikopta. Wengine waliuawa, wengine wakakamatwa na hatimaye kufungwa katika kisiwa cha Robben. Wanamibia huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Mashujaa. Shuleni kwetu sijasikia ikitajwa.

Kambi zilizokuwa katika nchi zinazopakana na adui zilipata mapigo makubwa zaidi. Huko Nyadzonya, Msumbiji, kwenye kambi ya Wazimbabwe, tarehe 9 Agosti 1976, askari wa Rhodesia (sasa Zimbabwe) waliingia kambini kwa hila, wamevaa sare za FRELIMO, wakawamiminia risasi watu waliokuwa wamekusanyika, wakaua mamia. Huko Cassinga, Angola, kwenye kambi ya SWAPO, tarehe 4 Mei 1978, ndege za Afrika Kusini zilitangulia kudondosha mabomu, kisha wakashushwa askari wa miamvuli, na miongoni mwa mamia waliouawa walikuwamo wanawake na watoto.

Sisemi kwamba Tanzania haikuguswa, kwani Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Hata hivyo, Kongwa haikupatwa na yaliyoipata Nyadzonya.

Napendekeza wanafunzi wanaopelekwa Kongwa kwa ziara waonyeshwe kwenye ramani mahali wapiganaji wale walikokwenda na yaliyowakuta huko, na wazee wa Kongwa walioishi jirani na kambi wahojiwe na maneno yao yarekodiwe wakingali hai.

Msomaji wako,
Dodoma