Mafundi watuuzie jicho, si spana tu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Arusha aliyechoshwa na mafundi, akatushauri sisi wenye magari ya zamani tuache kuwapelekea gia boksi na tuzifungue wenyewe nyumbani, kwa kuwa video zimejaa kwenye simu. Hasira yake naielewa, nami nimeionja. Lakini kazi anayoisema nimeifanya kwa mikono yangu, Novemba iliyopita, chini ya mparachichi hapa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kuna mambo aliyoyaruka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka 55. Gari ni Hilux pikapu ya mwaka 1996 aliyoniachia marehemu mume wangu, dizeli, injini ya 3L, ile ya lita 2.8. Kazi yake ni kushusha ndizi na maziwa sokoni Mbuyuni, mjini Moshi, na kurudi na pumba za ng'ombe. Anayezijua njia zetu za huku juu anajua kwamba kupanda si shida, shida ni kushuka. Unashuka na mzigo gari likiwa limeshikwa na gia, breki unaigusa mara mojamoja tu, la sivyo ukifika Moshi mjini inanuka. Sasa gia namba tatu ikaanza kuchomoka. Ukiachia mafuta tu, leva inaruka yenyewe, inarudi nyutro, na gari linakuwa kama mbuzi aliyekata kamba. Mara ya kwanza niliulaumu mkono wangu. Mara ya tatu mbele yangu alikuwapo kijana wa bodaboda amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo sikushuka tena na mzigo hadi gari lilipotazamwa.

Fundi wa kwanza alisimama kando ya gari dakika moja, injini ikiwa imewaka. "Mama, hii imekufa. Tafuta ya mtumba." Akanitajia 1,300,000 ya gia boksi na 200,000 ya kuifunga. Nikamuuliza kilichokufa humo ndani ni nini. Akacheka. "Gia boksi haiulizwi, mama."

Nilifundisha uwiano wa gia ubaoni kwa miaka 29, na kwa Kiingereza, kama sekondari zetu zinavyotaka. Kuambiwa kwamba gia boksi haiulizwi kuliniuma kuliko ile bei. Basi nikaiuliza.

Gari limesimama, injini imewaka, leva iko nyutro, mguu hauko kwenye klachi: mvumo. Nikikanyaga klachi mvumo unakufa. Ingekuwa rilizi beringi, ile inayosukuma klachi, ingelia pale ninapokanyaga, kwa hiyo kinacholia ni kitu kinachozunguka klachi ikiachiwa na kusimama ikikanyagwa, yaani shafti ya kuingilia au kaunta, ile shafti ya pembeni inayozungushwa nayo. Nikaenda nalo kwenye tambarare barabara ya Arusha, bila mzigo. Namba mbili linavuma, namba tatu linavuma, namba tano linavuma. Namba nne karibu kimya. Katika gia boksi za aina hii namba nne ni ya moja kwa moja: nguvu inatoka shafti ya kuingilia inaingia shafti ya kutokea, na kaunta inazunguka bila kubeba chochote. Nilisimamisha gari pembeni nikacheka peke yangu. Mchoro niliouchora ubaoni tangu ujana wangu ulikuwa unaniambia kwamba wagonjwa ni beringi za kaunta.

Rivasi nilikanyaga klachi, nikahesabu hadi tano, nikaitia. Iliingia bila kukwaruza, kwa hiyo klachi inaachia vizuri. Oili nikaimwaga kwenye beseni jeupe. Unga wa rangi ya dhahabu ulikuwapo kidogo, huo ni wa ringi za shaba za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, na kwa gari la umri huu si wa kukutisha. Lakini kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na vipande vyembamba vya chuma, kama kucha za mtoto. Hiyo haikuwa habari njema.

Kuchomoka kwa namba tatu kulikuwa swali jingine. Raba inayobeba gia boksi ikichoka, boksi inacheza na leva inavutwa. Bushi ya chini ya leva ikilika, gia haiingii hadi mwisho. Vyote viwili ni vya bei ndogo na vinabadilishwa bila kushusha kitu. Nikabadilisha vyote. Wiki mbili gari likatulia, nikajisifu mbele ya majirani. Wiki ya tatu likachomoka tena, kwenye kona ileile.

Hapo ndipo nilipoamua kulifungua. Msomaji wa Arusha anaandika kana kwamba hapa panahitajika moyo tu. Mimi nilikuwa na zaidi ya moyo. Nilikuwa na uwanja, nina mtoto wa mdogo wangu anayesoma ufundi wa magari chuoni mwaka wa pili na alikuwa likizo, na nilikuwa na kitabu cha gari. Ingekuwa otomatiki nisingeigusa hata kwa kuapishwa.

Kushusha kulituchukua siku moja na nusu. Kijana alitaka kuingia chini ya gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, nikamkatalia mpaka tukakata magogo manne ya mgrivelia. Gia boksi tuliiteremsha kwa kamba juu ya vigogo vya migomba, ikateleza taratibu hadi uwanjani kama jeneza. (Shemeji yangu aliyekuwa anapita aliuliza tunamzika nani.) Tukatandika shuka jeupe, na kila kilichotoka kilipigwa picha kwa simu kabla ya kuguswa, kisha kikapangwa kwa mstari kuanzia kushoto. Hata hivyo springi moja na gololi yake viliruka kwenye majani ya ng'ombe, na tulivitafuta kwa sumaku ya spika ya redio hadi giza likaingia.

Beringi za kaunta zilikuwa zimekwisha, tena vibaya. Nilijiona profesa. Kijana akachukua nyundo na kipande cha bomba ili azing'oe, kama alivyoona kwenye video, nami nikamwachia agonge mara mbili. Beringi haikusogea. Tukafunga shafti kwenye gunia, tukapanda daladala hadi Pasua, kwa mzee mmoja fundi mwenye presi, mashine ya kusukuma beringi bila kuzigonga.

Mzee alilipokea gunia, akalifungua, akaniangalia. "Mwalimu, nani alipiga hapa?" Kijana akatazama viatu vyake. Mzee hakugomba. Alieleza tu kwamba beringi ukiipiga nyundo, pigo linapita kwenye gololi zake na linaacha alama kwenye njia zinamopita; hii ya zamani si neno, lakini mpya ukiipiga hivyo utaifunga leo na itaanza kulia mwezi ujao. Akazitoa kwa presi kabla sijamaliza soda.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Aliichukua slivu ya namba tatu na nne, ile pete kubwa inayosogezwa na foku, yaani uma unaosukumwa na leva, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha wake kwenye meno ya ndani. "Hii ulikuwa unairudisha?" Ndiyo, nilikuwa nairudisha. Nilikuwa nimeiosha kwa mafuta ya taa nikaikausha kwa kanga, na machoni pangu ilikuwa nzima. Akanishika kidole akakipitisha mahali palepale. Ncha za meno upande wa namba tatu zilikuwa zimelika, zimekuwa mviringo. Meno ya namna hiyo hayashiki. Ukiachia mafuta kwenye mteremko yanateleza yanatoka. Kilichotaka kumuua yule mama wa bodaboda kilikuwa kimekaa kwenye shuka langu jeupe siku tatu, kisafi, nami sikukiona.

Akaendelea. Ringi mbili za shaba akazibana kwenye gia zake, akapima nafasi kwa filageji, vile vibapa vyembamba vya kupimia, akazitenga. Saklipu nazo, zile pete za kuzuia vitu visitoke kwenye shafti, akanionyesha kwamba haziko sawa, zinatengenezwa kwa unene tofauti kwa makusudi, na unachagua ile inayobana bila kuacha mchezo. Mimi nilizichukulia zote kuwa saklipu tu. Nilipomuuliza nimlipe nini, alitaja 20,000 ya presi. Ya macho hakutaja. Nilimwekea 30,000 nyingine ya macho mkononi, akashangaa.

Kuunganisha kulitupeleka vizuri hadi jioni ya Jumamosi. Boksi imefungwa, gundi imepakwa, bolti zimekazwa. Naweka chai. Kijana anafagia, anainama, ananiletea kitu kwenye kiganja: kipini kidogo cha chuma kama punje ya mpunga. "Mama mkubwa, hiki ni cha wapi?" Nilikijua papo hapo, na miguu ikaishiwa nguvu. Ni kile kinachokaa kati ya fimbo za foku na kuzuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Gia mbili zikiingia pamoja, boksi inajifunga papo hapo, na kama uko barabarani tairi za nyuma zinajifunga nayo. Tulifungua tena. Chai ilipoa.

Na oili pia: dukani waliniletea ya difu, yale magia ya ekseli ya nyuma, wakasema ni ileile. Si kila oili ya difu inafaa gia boksi, kwa kuwa baadhi zina viungo vya salfa vinavyoweza kushambulia shaba ya ringi. Nenda na kitabu cha gari lako.

Sasa hesabu, kwa kuwa msomaji wenu alitamba kwa hesabu. Beringi 210,000. Slivu na habu yake, yaani kitovu inachotelezea, mtumba, 120,000. Ringi mbili 70,000. Sili na gundi 35,000. Oili 60,000. Presi 20,000 na jicho 30,000. Jumla 545,000. Lakini gari lilikaa kwenye magogo siku 17, na ndizi hazisubiri likizo ya mtu. Nilikodi kirikuu, kile kilori kidogo cha mizigo, safari 11 kwa 35,000 kila moja, hiyo ni 385,000. Kwa hiyo nimetumia 930,000. Yule mzee, nilimuuliza baadaye, angeshusha, angetengeneza na kupandisha kwa 250,000 juu ya spea zilezile, kwa siku nne. Hapo ningekodi kirikuu mara tatu tu. Jumla 850,000. Kwa kujifanyia mwenyewe nimepata hasara ya 80,000, na mgongo uliniuma hadi Krismasi. Ukilinganisha na mtumba wa fundi wa kwanza nimeokoa zaidi ya nusu milioni, hilo ni kweli. Lakini pesa hiyo haikuokolewa na spana yangu. Iliokolewa na kujua kinachoumwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na msomaji wa Arusha, Mhariri. Anadhani tatizo ni nani anashika spana. Kufungua bolti anaweza hata mwalimu wa fizikia mwenye magoti mabovu. Kazi yenyewe ni kujua kipi kirudi na kipi kisirudi, na hiyo haimo kwenye simu, imo kwenye ukucha wa mzee wa Pasua. Na sisi wenye magari hatujawahi kuilipia. Tunamlipa daktari kwa kutusikiliza, fundi tunamwambia, "Si umeangalia tu?" Basi naye anaangalia dakika moja, kisha anatafuta mkate wake palipo na mkate, yaani kushusha na kupandisha. Akikwambia "badilisha raba ya 25,000" amejinyima chakula cha watoto. Akikwambia imekufa, ana kazi ya siku mbili.

Ningependa gereji za Moshi na Arusha ziandike bei ya kupima ukutani, kama zinavyoandika bei ya kuziba pancha. Fundi aendeshe gari dakika ishirini, amwage oili mbele yangu, aniandikie kwenye karatasi anachodhani kinaumwa na kwa nini. Nitalipa 30,000, hata 40,000, niondoke na karatasi yangu, niamue mwenyewe kama narudi kwake au nashusha chini ya mparachichi. Wakishafungua, vipande vya zamani vipangwe mezani nivione, kisha nivibebe. Na vyuo vya ufundi vyenye presi vingetufungulia karakana Jumamosi moja kwa mwezi, kwa malipo, wengi wetu tusingeshika nyundo.

Kwa anayetaka bado kufungua mwenyewe, sitamzuia. Asilifungue gari linalomlisha. Asianze Desemba, wakati watu wote wa Dar es Salaam wako nyumbani Kilimanjaro na magari yao na hakuna fundi wa kumkimbilia. Na kabla hajafunga, ampelekee mzee wa aina ile gunia lake.

Gari langu linashuka Mbuyuni kila Jumanne na Ijumaa, namba tatu imetulia. Namba tano bado inaimba kidogo. Mzee aliisikiliza, safari hii nikamlipa kabla hajafungua mdomo, akasema niishi nayo tu, maana Kibosho hakuna mahali pa kutia gia namba tano.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi