Droo ikae mbali na mchango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba watu wazima wanaokesha mtandaoni wakiandika habari za majoka na wachawi eti kwa ajili ya hisani wanapoteza muda wao, na kwamba zile zawadi wanazogawa usiku kucha ni kamari tu iliyovishwa nguo za msaada. Hoja yake ya kwanza siikubali hata chembe. Ya pili nakubaliana naye nusu, na hiyo nusu ndo imenifanya niandike, maana mi ni shabiki wa muvi za fantasia, hizo hizo za majoka na wachawi, toka zamani na hii mikesha naipenda sana, sitaki ije ife kwa sababu ya droo zilizopangwa ovyo.

Kwa ambao hawajawahi kuona, mkesha wa kublogu unakwenda hivi. Bloga anachagua shirika la misaada, anatangaza mapema, wasomaji wake wanaahidi kumdhamini, basi siku ikifika anakaa saa 24 akiposti kitu kipya kila nusu saa. Wazo lilianzia Marekani mwaka 2000, mtu mmoja alijaribu peke yake, mwaka uliofuata akajiunga na wenzake na ikawa ni shughuli ya kuchangisha. Piga hesabu, nusu saa mara saa 24 ni posti 48, na posti 48 si mchezo, mtu wa kawaida akifika ya kumi na tano hana tena cha kusema anaanza kuposti picha za kikombe chake.

Shabiki wa fantasia hakaukiwi. Ana ramani za falme ambazo hazipo duniani, ana lugha za kutungwa zenye sarufi yake, ana mavazi ya wahusika ya kuchambua uzi kwa uzi, ana ugomvi usioisha wa nini kilikatwa kwenye kitabu na kwa nini, na yuko tayari kubishana mpaka alfajiri kuhusu upanga wa mhusika aliyetokea dakika mbili. Tena kukaa muda mrefu ameshazoea. Matoleo marefu ya zile filamu tatu za The Lord of the Rings ukiziangalia mfululizo ni zaidi ya saa 11, na Desemba 16, 2003 kuna majumba ya sinema yaliyoonyesha zote tatu siku moja, watu wakakaa kwenye viti toka mchana mpaka usiku mnene wala hakuna aliyelazimishwa. Kwenye matoleo hayo marefu ya DVD mwishoni kuna orodha ya majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki, dakika nyingi majina tu yanapita, na nawajua watu wanaoangalia mpaka jina la mwisho. Sasa watu wenye moyo wa namna hiyo ukiwapa sababu ya kusaidia wengine unadhani watashindwa?

Na hawajashindwa. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, mashabiki wa Harry Potter, zile hadithi za kijana mchawi, waliokuwa wamejikusanya kwenye kundi lao toka 2005 walichangisha zaidi ya dola 120,000 ndani ya wiki chache, zikapeleka ndege 5 za mizigo ya misaada kupitia shirika la afya la Partners In Health. Hao ndo "watoto wa majoka na wachawi" anaowasema mwenzangu. Kwa hiyo tuliache hilo la kupoteza muda.

Tuje kwenye zawadi, maana hapo ndo penye maneno.

Kwanza tuelewe zinatoka wapi. Mkesha una saa za kufa. Mwanzoni watu wamejaa, wanakomenti, wanacheka, wanachangia, halafu inafika saa nane saa tisa za usiku bloga anaposti na hakuna anayejibu, macho yanawaka, na bado posti nyingi mbele. Zawadi inawekwa pale makusudi, ili msomaji aliyeko upande mwingine wa dunia ambako ni mchana asikie kuna bango la filamu linagawiwa aje aone, akija anakuta jina la shirika liko juu ya ukurasa, anasoma, anaguswa. Hapo sioni dhambi yoyote. Zawadi imemleta mlangoni, kutoa au kutotoa ni yeye mwenyewe na moyo wake.

Shida inaanza pale anapoambiwa "kila dola 5 utakazochanga unapata nafasi moja kwenye droo". Sentensi hiyo fupi inabadilisha kila kitu na waandaaji wengi wanaiandika bila kufikiri. Sheria za nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, zinaangalia mambo matatu, kuna zawadi, mshindi anapatikana kwa bahati, na mtu analipa ili aingie. Yakikutana yote matatu hiyo ni bahati nasibu, na bahati nasibu ina masharti yake na mara nyingi vibali vyake hata kama nia ni njema kama maziwa. Ukitoa moja, mfano ukitoa malipo, inabaki zawadi ya bure na mambo yanakuwa mepesi. Ndo maana kwenye mashindano ya kampuni utaona wameandika si lazima kununua, hawajaandika kwa upole wao, wameandika kwa sababu ya hiyo nguzo ya tatu.

Halafu kuna jambo ambalo wachangiaji wengi hawaambiwi. Marekani mtu akitoa mchango kwa shirika linalotambulika anaweza kuuondoa kwenye hesabu ya kodi yake, lakini pesa aliyonunulia tiketi ya droo haihesabiki kama mchango hata kama yote imekwenda kwa shirika lile lile. Yaani bloga kwa kutaka kumpa msomaji wake kizawadi anaweza kumharibia kitu alichokuwa anastahili, na msomaji anakuja kujua mwakani anapojaza fomu.

Ila mi sheria siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni vile watu wanavyobadilika. Nimeona mikesha ambayo mwanzoni maswali yalikuwa shirika hili linafanya nini, watoto hao wako wapi, pesa inafikaje, na saa chache baada ya kutangazwa zawadi kubwa, sanamu ya joka ya kukusanywa na wapenzi, maswali yote yakawa nafasi yangu ni ngapi, nikichanga tena naongezewa, mbona yule ana nafasi nyingi kuliko mimi. Mwenye pesa nyingi anajinunulia uwezekano, mwenye kidogo anajiona hana haja ya kutoa hicho kidogo. Na bloga aliyechoka anageuka mhasibu wa nafasi badala ya kuandika alichokuja kuandika. Hapo ndo yule msomaji mwenzangu ana haki, kwa sura ile imekuwa kamari, japokuwa hakuna aliyekusudia.

Dawa yake ni rahisi. Mchango uende kwenye ukurasa wa shirika lenyewe, moja kwa moja, usipite mfukoni kwa bloga hata kwa dakika moja. Droo iwe kitu kingine kabisa, mtu anaingia kwa kuacha komenti, amechanga hajachanga nafasi ni moja. Najua jibu nitakalopewa, kwamba ukifanya hivyo watu watachukua zawadi bila kutoa. Ndiyo, wapo watakaofanya hivyo, na waache wachukue, joka la plastiki likienda kwa mtu ambaye hakutoa kitu shirika halijapungukiwa hata senti, na yule aliyetoa alitoa kwa sababu ya shirika, huyo mwakani atarudi hata kama hakuna zawadi.

Sasa zawadi zenyewe. Mimi nasimama kabisa upande wa vitu vya mikono. Shabiki aliyefuma skafu ya rangi za bweni la shule ya uchawi ya Harry Potter, aliyechora ramani kwa wino, aliyechonga fimbo ya mchawi kutoka kwenye kijiti, huyo ametoa mchango wa saa zake na kitu kama hicho hakipo dukani. Kuna mkesha mmoja wa kucheza gemu unaitwa Desert Bus for Hope, umeanza 2007, unachangia watoto walioko hospitalini kupitia shirika la Child's Play, na sehemu kubwa ya vitu vinavyonadiwa na kugawiwa pale vimetengenezwa na watazamaji wenyewe, ndo maana watu wake wanarudi kila mwaka, mtu anakuja kuona kazi ya mwenzake imekwenda kwa nani. Angalieni pia kwamba mnada ni kitu tofauti na droo, kwenye mnada anayetoa zaidi anachukua na kila mtu anajua, hakuna bahati hapo. Kwa kitu cha thamani kubwa mi ningesema pigeni mnada, droo iwe ya vitu vidogo.

Picha zenye saini za waigizaji naomba tuwe nazo makini mno. Saini bandia ni biashara kubwa, na ile karatasi inayoitwa cheti cha uhalisi mtu yeyote mwenye printa anaitoa. Kama aliyeitoa zawadi hakusimama mwenyewe mbele ya mwigizaji akaona kalamu inatembea, au haijatoka kwa mwigizaji au studio moja kwa moja, usiitangaze kuwa ni saini halisi kwa jina la shirika la misaada. Likija kugundulika aibu haitakuwa ya bloga peke yake.

Kuna wanaopenda kutumia chemsha bongo badala ya bahati, yaani ukijibu maswali ya filamu unashinda. Inaondoa bahati, sawa, na kwa mashabiki ni utamu mtupu, lakini ukiuliza farasi wa fulani anaitwaje umewafungia nje wote waliokuja kwa ajili ya hisani na hawajaona hata filamu moja, na wale wanaojua kila kitu wanashinda saa zote 24. Afadhali uwe na michezo miwili mitatu ya namna hiyo kwa ajili ya wenyewe, nyingine ziwe wazi kwa wote. Na swali ambalo jibu lake linapatikana kwa kutafuta kwenye intaneti kwa sekunde tano si chemsha bongo, ni mashindano ya nani ana intaneti ya kasi.

Jambo lingine, jamani, bloga asichezeshe droo mwenyewe akiwa kwenye saa ya ishirini na mbili. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema mtu aliyekaa macho saa 24 anakuwa kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.10 kwenye damu, na hicho kiwango kinazidi kile kinachokatazwa kuendesha gari huko. Huyo ndo tunamwachia orodha ya majina ahesabu na atangaze mshindi? Anaruka jina, anataja mtu mara mbili, anatuma anwani ya mshindi hadharani, na kesho yake watu wanasema ilipangwa. Droo zote zifungwe mkesha ukiisha, majina yapewe namba kwa mpangilio ambao kila mtu anauona, na mtu mwingine aliyelala vizuri achague namba kwa programu siku inayofuata. Inawasaidia pia wale ambao nusu ya mkesha kwao ni usiku, maana mtu asikose kwa kuwa alikuwa amelala. Gharama ya kutuma nayo isemwe mapema, nani analipa posta, nani analipa ushuru kitu kikivuka mpaka, sanamu nzito inaweza kugharimu zaidi kusafirishwa kuliko kununuliwa na nimeona mshindi akiombwa alipie zawadi yake mwenyewe, haipendezi hata kidogo.

Mhariri, na nyinyi gazetini nina ombi. Mnapoandika habari za mikesha hii picha kubwa huwa ni ya zawadi, upanga, joho la mchawi, joka, na jina la shirika liko mstari wa mwisho au halipo kabisa. Safari ijayo naomba jina la shirika, kazi yake na njia ya kulichangia moja kwa moja viwe kwenye aya ya kwanza, halafu zawadi zifuate chini, na muulize waandaaji kabla ya kuchapa kama droo yao inahitaji mtu alipe. Wakishindwa kujibu swali hilo, andikeni hivyo hivyo kwamba wameshindwa.

Wenu,
Shabiki wa fantasia na msomaji wa ukurasa huu