Kabla hujatoa kamera mkobani

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Unataka nikutajie sehemu nzuri za kupiga picha za bahari kuanzia hapa Tanga mpaka Kilwa. Nitakutajia, ila jina la mahali bila saa yake halitakufaa kitu.

Nilipopata kamera yangu ya kwanza ya maana, nilikwenda Jambiani, kule Unguja, kupiga jua likizama. Tangu saa kumi nimesimika stendi mchangani, nangoja. Jua likaenda kuzama mgongoni kwangu, nyuma ya minazi na mapaa ya makuti, na mimi bado nimeikodolea bahari inayogeuka rangi ya majivu. Bibi mmoja aliyekuwa anaanua mwani wake akaniuliza nangojea nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huku mashariki. Jua la jioni lifuate Michamvi Kae." Mwanaume mzima, tena mtoto wa pwani, sikuwa nimejiuliza pwani ile inatazama wapi.

Basi anza na hilo. Bagamoyo, Paje na Jambiani ni za alfajiri. Kendwa, Forodhani na hiyo Kae ni za jioni, na uwahi, maana kwetu giza halibembelezi.

Halafu maji. Hapa ndipo wapiga picha wengi wanapoumbuka. Unguja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana: maji hujaa alfajiri na alasiri, yakakauka kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, wakati jua limeshakuwa kali na kila kitu kimepauka. Muda huo ni mzuri kwa kina mama wa mwani, si kwako. Ukitaka mchanga uliolowa unaong'aa kwa mwanga wa asubuhi, subiri siku mbili tatu baada ya mwezi kufika nusu. Hayatakupwa mbali kama ya bamvua, lakini yatakutosha. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo hesabu ni ya vidole tu. Ukishindwa, muulize mvuvi yeyote, ila msalimie kwanza, na kamera iwe bado mkobani.

Ukitembea kuelekea mwamba maji yakiwa makavu, angalia nyuma. Yakianza kurudi hupitia kwanza kwenye vijito vilivyo kati yako na ufukwe. Mimi nilitoka na mkoba kichwani.

Pangani usiipite. Vuka mto uende Bweni, upande kilima taratibu, ugeuke. Mji wote uko chini yako ng'ambo ya mto: mabati yenye kutu, minazi, mashua zinazotoka mlangoni kwenda baharini, na maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa yakikutana na ya bahari. Mstari wa makutano yao huonekana waziwazi mvua ikiwa imenyesha bara. Nenda Desemba au Januari, jua linachomoza kusini kidogo na kuzipiga nyumba za ukingoni usoni. Julai nilikwenda, nyumba zikawa kivulini, nikapiga picha tatu nikarudi kunywa chai.

Kilwa Kisiwani unahitaji kibali, kinatolewa Kilwa Masoko kabla hujapanda chombo. Magofu kila mtu anayapiga. Mimi ningeanzia majini, ile ngome ya Gereza ikiwa bado mbali.

Mama yako amekukatia kipande cha khanga yake kuukuu cha kufutia kamera. Kiloweshe maji ya kisima, ukikamue sana, ufute chumvi kila jioni, hata kama umechoka. Lenzi ifutie kitambaa chake kikavu. Kipande kimo mfuko wa pembeni, pamoja na visheti, na hivyo visheti usiviweke karibu na lenzi.

Baba yako