Shija, kabla ya kununua bunduki

Sikonge, 16 Februari

Ndugu yangu Shija,

Mwangaluka. Barua yako nimeipata Jumamosi, nikaisoma, nikairudia. Nguruwe pori kulaza mahindi usiku mmoja, na wewe ndiyo kwanza umeachiwa shamba la baba, najua inavyouma. Unaniuliza ununue bunduki gani. Nakuomba usinunue bado.

Nianze na lile gobore la marehemu mlilolikuta darini, maana hilo ndilo linaninyima usingizi. Kibali kilikuwa cha jina lake, na kibali hakirithiwi. Nenda kituo cha polisi pamoja na mtendaji wa kijiji, ueleze, wao wenyewe waje walichukue au wakuelekeze. Usilitoe nje kuwaonyesha vijana, wala usijaribu kulisafisha. Gobore linaweza kukaa miaka na baruti ndani, na kwa macho hujui. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiteremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu ndani ya mtutu, kichwa chake kikiwa pembeni, anabana kidole pale unapoishia mdomo wa mtutu, kisha anautoa na kuulaza ubavuni mwa bunduki. Ukifika hadi mwisho wa mtutu, ndani ni tupu. Ukipungua upana wa vidole vitatu au vinne, ujue vidole hivyo ni baruti, kitambaa na goroli vinakusubiri. Nakueleza ili uogope. Kazi hiyo waachie wanaoijua.

Ukija kuomba bunduki yako, maombi yanaanzia kijijini kabla ya kufika polisi na kamati ya usalama ya wilaya. Wanaokufahamu ndio wanaosema kama unafaa, na naona ni haki. Halafu usichanganye mambo: leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Kuwinda kuna kibali chake, kuna msimu wake, kuna mnyama aliyeandikwa na idadi yake. Kwa hilo muone afisa wanyamapori wa wilaya. Hata nguruwe uliyemuua akiharibu shamba ni mali ya serikali, hivyo toa taarifa siku hiyohiyo, usimchune. Watu wamefungwa kwa sababu ya sufuria ya nyama. Na huku kwetu angalia unapokanyaga: Ipole ni eneo la jumuiya la hifadhi ya wanyamapori lenye utaratibu wake, na Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Nguruwe akikimbilia huko, muache.

Sasa shamba lenyewe. Lala humo usiku kumi, bila silaha, na asubuhi usome ardhi. Bua likiwa limelala, hindi limetafunwa palepale na udongo umefukuliwa kama umelimwa, huyo ni nguruwe pori. Hindi likiwa limemenywa kwa mikono, likaumwa kidogo na kutupwa, mabaki yakielekea kwenye miti, huyo ni nyani. Yeye huja mchana, kwa hiyo kumkeshea ni kujichosha. Muhogo uliogugunwa mizizi na mwiba mmoja mweusi na mweupe ukiwa chini, ni nungunungu. Wazee wetu wa Kinyamwezi waliomwinda huyu walikuwa na chama chao na ngoma yao, wakitambaa shimoni kumfuata. Sikushauri shimo, nakushauri heshima ile ya kumjua mnyama kwanza.

Ulingo ujengwe upande ambao upepo unatoka kwa nguruwe kuja kwako. Kachukue majivu jikoni, yaachie kidogo kidogo kwenye kiganja, uone yanakokwenda. Nguruwe haoni sana, lakini pua yake ni balaa. Mara nyingi debe, moto na mbwa wawili wanatosha, mahindi yanakomaa bila hata risasi moja.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwandikia mtu. Mwaka wangu wa pili na bunduki, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, nikasikia mabua yanavunjika hatua thelathini hivi kutoka ulingoni. Sauti ileile ya nguruwe. Nikaweka bunduki begani, kidole kikaingia. Sijui nini kilinizuia, nikawasha tochi kwanza. Alikuwa mtoto wa jirani, kama miaka kumi na mbili, kamba mkono mmoja, kandambili mkono mwingine kwa sababu ya tope, anatafuta ndama wao. Akaniamkia, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba nikiwa natetemeka. Tangu usiku ule sipigi sauti, sipigi macho yanayong'aa, na kidole hakiingii mpaka nimeona mwili mzima na udongo nyuma yake. Ndiyo maana ulingo wangu uko juu: risasi iende chini, isiende kwa watu.

Mpunga wa dada yako kule Igunga ni habari nyingine. Kwelea kwelea hawapigwi bunduki. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, sasa kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku. Awahi kwa afisa kilimo, maana serikali huwanyunyizia sumu kwa eropleni. Wakishanyunyizia, watoto wasiokote wale waliokufa hata kidogo.

Njoo wiki ya kwanza ya Machi, mahindi yangu yatakuwa yanaanza kukaza na wageni wetu hawakosi. Tutakesha pamoja, uone na usikie. Uje na koti zito la khaki. Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda mno. Tochi ninazo mbili. Kama polisi watakuwa wamelichukua lile gobore kabla hujaondoka, nipigie simu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mama nisalimie sana, mwambie karanga zake nimezitenga.

Ndugu yako,
Maganga